Chumba cha mikutano hakina dirisha, LEED v4 (toleo la nne la mfumo wa kupima na kuthibitisha majengo rafiki kwa mazingira) inasemaje?

Swali: Wakuu, nachora ofisi Upanga. Chumba cha mikutano kimebanwa katikati, hakina dirisha. Mteja anataka pointi ya LEED ya mandhari ya nje. Ndiyo tumeikosa?

Jibu: Bado, mkuu. Asilimia 75 ya eneo ambalo watu hukaa na kufanya kazi ndiyo lazima ione nje moja kwa moja, kupitia kioo angavu. Stoo, vyoo na korido haviingii kwenye hesabu. Chumba chako kinaingia, lakini kinaweza kubaki kwenye ile asilimia 25 isiyolazimika kuona nje.

Jibu: Mimi ningeweka ukuta wa kioo upande unaotazama madirisha. Angalia kabati la kujengea, hilo ni kizuizi. Meza za kuhamishika hazihesabiwi kuwa kizuizi. Tusitafute pointi tu jamani, watu watafungiwa humo asubuhi nzima!

Muulizaji: Asanteni. Kabati linahamia koridoni, hesabu napiga upya kesho.