Mjadala: Wanaolima juu ya barabara ya Mombo–Lushoto waondolewe?

Wadau, kila masika udongo ukifunika barabara ya Mombo–Lushoto, maneno ni yale yale: wanaolima mlimani juu ya barabara waondolewe, ndio wanaotuletea maporomoko. Nimeyasikia kwenye Coaster, nimeyasikia msibani, na juzi kayasema mtu ninayemheshimu sana. Mimi napinga. Nitaeleza, kisha mnijibu.

Kwa asiyeijua, barabara hiyo ni kama kilomita 32 za kupanda, kutoka Mombo tambarare, kupitia Soni, hadi Lushoto mjini, kwenye milima ya Usambara. Imechongwa ubavuni mwa mlima: huku ukuta wa udongo na mawe, huku korongo. Mlima ukishachongwa chini, udongo wa juu umekosa pa kuegemea. Mvua ikinyesha siku tatu nne mfululizo, maji yanazama, udongo unakuwa mzito, unateleza juu ya mwamba. Hata pasipolimwa panashuka.

Mwaka juzi nililala njiani, chini kidogo ya Soni. Kifusi kimejaa barabara nzima, mti umelala na mizizi yake. Vijana wa kijiji cha jirani walikuwa wameshatandaza matawi pande zote mbili kuonya magari. Mmoja alisimama pembeni na tochi, anasikiliza mawe. Akipiga kelele, wenzake wanaacha majembe na kukimbia. Mama niliyekaa naye alikuwa na kabichi kwenye Fuso iliyokwama mbele yetu, zinakwenda Dar. Kila baada ya muda anashuka, anaingiza mkono chini ya turubai kupima joto, anarudi kimya.

Usiku kucha tulimlaumu mwenye shamba la juu. Kulipopambazuka nilipanda na mmoja wa vijana kuona palipoanzia. Kweli kulikuwa na karoti. Lakini maji yaliyolibomoa lile shamba yalitoka kwenye kalavati la njia ya kijiji iliyo juu yake. Mtaro ulikuwa umejaa mchanga na majani, maji yakaruka ukingo, yakamwagikia sehemu moja usiku mzima. Mwenye karoti naye kapoteza shamba.

Wazee wa Usambara wanakumbuka vizuri habari ya matuta. Mwaka 1946 serikali ya mkoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo kule Mlalo, watu wakalazimishwa kulima kwa matuta, asiyetii anatozwa faini. Kazi ilikuwa nzito, faida hawakuiona, wakagoma, na mpango ukafa kabla ya uhuru. Sasa linganisha na miaka ya 1980, mradi wa SECAP wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, uliosaidiwa na Wajerumani. Majani ya gwatemala yalipandwa kwa mistari ya kukata mteremko, yanashika udongo, na ng'ombe wa zizini anayala. Watu waliyatunza kwa sababu yaliwaletea maziwa. Mlima ni ule ule na watu ni wale wale, ila safari hii mkulima alipata kitu.

Sisemi majani yanazuia kila kitu. Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe ya Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80. Hakuna mzizi wa kuzuia mzigo ule. Same nao hawajasahau maporomoko ya Mamba Miamba, Novemba 2009. Na makinga maji yasiyo na njia ya kutolea maji yanaulowesha mlima zaidi, hilo nalo nakubali. Kwa hiyo pale ardhi ilipoanza kupasuka juu ya nyumba, miti imeinama, chemchemi imetokea pasipokuwa na maji, watu wahame, tena wahame wakiwa na kiwanja mkononi. Na aliyeingia ndani ya mita 30 za hifadhi ya barabara, Sheria ya Barabara ya 2007 iko wazi, simtetei.

Ninachotaka ni hiki. Kabla ya masika na kabla ya vuli, kila kijiji cha kando ya barabara kipewe mkataba wa kipande chake: kuzibua mitaro na makalavati, pamoja na yale ya njia za juu, na kupanda gwatemala kwenye kingo. Walipwe. Na pawe na mtu kijijini mwenye ruhusa ya kufunga barabara usiku mlima ukianza kumwaga mawe, bila kusubiri mkubwa aamke. Vijana wale walifanya kazi hiyo bure, kwa kuhatarisha maisha, na asubuhi abiria tukawachangia hela ya soda. Saa nne likaja greda, likasukuma kifusi korongoni, likaondoka. Mtaro wa juu haukuguswa.

Anayesema waondolewe aniambie mambo mawili: wanapelekwa wapi, na wakishaondoka, nani atapanda kule juu kuzibua ule mtaro?