Naombeni ushauri: barua za wenzangu wa chuo nizifanyeje?

Wadau, habari zenu. Nilisoma chuo cha wanawake, na tangu tuhitimu mimi ndiye mwandishi wa darasa letu: nakusanya habari, nani kaolewa, nani kapata mjukuu, nani katutoka, kisha naziandika kwenye jarida la wahitimu. Ni kazi ya kujitolea, posho hakuna, ila naipenda.

Wapo wanaosema umoja wa wahitimu ni chai na porojo tu. Hao wakasome ya Sweet Briar, chuo cha wanawake huko Virginia, Marekani: mwaka 2015 bodi ilitangaza kukifunga chuo, wahitimu wakachachamaa, wakachanga mamilioni ya dola, kesi ikafika mahakamani, na chuo hakikufungwa.

Sasa umri umesogea, nataka kung'atuka. Maktaba ya chuo inaziomba barua zote nilizotunza. Shida ni kwamba mtu anaanza na harusi ya binti yake, ukigeuza ukurasa unakuta talaka, ugonjwa, mtoto wasiyesemeshana naye. Pembeni kapigia mstari: "Hii usichapishe." Baadhi yao wameshafariki.

Je, nizichambue na kuchoma zenye siri? Niwaombe ruhusa watoto wao, ambao pengine hawajui lolote? Au niikabidhi maktaba kwa sharti zifungiwe miaka kadhaa? Mimi naelemea hilo la mwisho. Aliyewahi kufanya kazi ya nyaraka anieleze sharti kama hilo huandikwaje, na nani hulisimamia nikishaondoka.