Andalio la somo lililotungwa na akili mnemba: ni la mwalimu au si lake?

Chaki Nyeupe
Ndugu wanajukwaa, naleta jambo ambalo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita. Nafundisha Hisabati na Kiswahili Darasa la Tano katika shule ya serikali, na darasa langu lina wanafunzi 94. Tangu mwaka jana nimekuwa nikijaribu zana za mtandaoni moja baada ya nyingine, kwa simu yangu na kwa bando langu: vitabu napakua kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, maswali ya kuchagua natunga kwa programu, na hesabu za kikoba chetu cha walimu naziweka kwenye jedwali la mtandaoni ambalo kila mwanachama analiona, jambo ambalo limepunguza manung'uniko ya mwisho wa mwezi. Juzi nikasogea mbele zaidi. Niliiomba programu ya akili mnemba (AI) initungie andalio, yaani mpango wa kufundishia kipindi, la somo la sehemu kama nusu na robo, nikalisoma, nikatoa yasiyofaa, nikalichapisha na kulipeleka kwa mwalimu mkuu ili atie saini. Alilikataa. Alisema kwamba andalio lisiloandikwa kwa mkono wa mwalimu si andalio, na kwamba nikalinakili daftarini kwa kalamu ndipo atakapolipokea. Nikalinakili neno kwa neno, naye akatia saini bila kulisoma.

Swali langu ni hili: kati ya lile lililochapishwa na lile lililonakiliwa, lipi ni langu? Nauliza kwa sababu wengi ninaowafahamu, hasa waliokaa kazini muda mrefu, huchukua andalio la mwaka uliopita na kubadili tarehe tu, na hakuna anayewauliza.

Mstaafu wa Turiani
Mwanangu, umeingia barazani bila shikamoo, lakini hilo nimelisamehe. Habari za akili mnemba sizigusi kwa kuwa sijaitumia. Ninachokijibu ni hayo maneno yako ya mwisho, kwa sababu nimefundisha miaka 36 na sikupata kubadili tarehe. Hilo somo la sehemu nilikuwa naliingia nikiwa na muwa mmoja mkononi, na huku kwetu Turiani, karibu na mashamba ya Mtibwa, muwa haukosekani. Nauweka mezani, watoto wanahesabu pingili nane, nakata mbili na kumpa mtoto mmoja, kisha nauliza amepata sehemu gani ya muwa. Darasa zima linajibu robo, na linajibu kwa mate mdomoni. Hakuna mashine iliyonifundisha hilo.

Pembe Tatu
Shikamoo mzee wetu. Kwa heshima yote, mfano wako una kasoro ambayo mwalimu wa Hisabati hawezi kuinyamazia. Pingili za muwa hazilingani: za shinani ni fupi, za katikati ni ndefu. Mtoto uliyempa pingili mbili za shinani hakupata robo ya muwa, na ukamfundisha kwamba amepata. Sehemu inataka vipande vilivyo sawa, na hilo ndilo jambo la kwanza kabisa katika mada hiyo.

Mwalimu wa Kitale
Huku Kenya swali la Chaki Nyeupe limekwisha kutupita. Tangu mtaala wa umilisi uingie, mwalimu anatakiwa kujaza makaratasi mengi kiasi kwamba wengi wetu hununua maazimio ya kazi yaliyokwisha kuandaliwa na kuyachapisha kwenye saiba, vile vibanda vya intaneti, tena bila aibu. Programu ya akili bandia imepunguza gharama tu. Tusisahau pia kwamba mwaka 2013 tuliahidiwa vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza, na vilipoanza kufika mwaka 2016 vikawa vishikwambi. Kwa hiyo mimi nikisikia neno teknolojia, naangalia kwanza soketi ya ukutani kama ina umeme.

Msanifu wa Maneno
Naomba kusahihisha. Neno ni akili unde, kwa kuwa imeundwa. Akili bandia inaleta maana ya kitu kilichoghushiwa.

Mwalimu wa Kitale
Ukiona jinsi ilivyonitungia methali ambazo hata marehemu nyanya yangu hakuzisikia, ndugu Msanifu, utakubali kwamba neno bandia halijakosea njia.

Mstaafu wa Turiani
Narudi kwa Pembe Tatu. Umesoma haraka, kijana. Mimi sikuzungumzia sehemu ya urefu, nilizungumzia sehemu ya kundi. Ukichukua mbuzi wawili katika kundi la mbuzi wanane, umechukua robo ya kundi, hata kama mmoja ni beberu na mwingine ni mwanambuzi wa juzi. Vivyo hivyo kwa pingili. Labda chuoni kwenu hawakufika kwenye sehemu ya kundi.

Pembe Tatu
Chuoni kwetu tulifika, mzee wangu, na tulifundishwa pia kwamba zana ikimpeleka mtoto kwenye maana mbili kwa wakati mmoja, hiyo si zana, ni mtego. Wewe mwenyewe umeandika hapo juu kwamba uliuliza "sehemu gani ya muwa", hukuuliza sehemu gani ya pingili. Nenda kawaulize ndugu waliogawana mbuzi wa arusi kama beberu na mwanambuzi ni sawa.

Mama Wanne
Mimi si mwalimu, ni mzazi mwenye watoto wanne katika shule za serikali, na nawasoma hapa mkikatiana miwa kama watu msio na kazi. Naomba kuuliza jambo rahisi. Vile vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022, ambavyo baadaye viligawiwa kwa walimu ili viwasaidie kufundishia, viko wapi? Jirani yangu ni mwalimu, na kishikwambi chake nakifahamu vizuri, kwa sababu watoto wake hutazamia katuni kuanzia saa kumi na mbili jioni. Halafu mwalimu mwingine anakuja kulalamika kwamba anatumia bando lake.

Chaki Nyeupe
Kwanza kabisa, shikamoo mzee wa Turiani, na uniwie radhi. Nilisema "wengi ninaowafahamu", sikusema wote, lakini naona sindano imempata asiyestahili.

Mama Wanne, kishikwambi changu ninacho na nakitumia, ila kifaa ni jambo moja na bando ni jambo jingine. Sijawahi kukabidhiwa kishikwambi chenye bando la kudumu ndani yake. Kuhusu watoto wa jirani yako sina la kusema.

Sasa nieleze nilichokitoa kwenye lile andalio, kwa maana naona hakuna aliyeniuliza, na ndipo lilipo swali langu lenyewe. Programu iliniambia nianze somo kwa kuwakatia wanafunzi piza. Kisha nimgawie kila mwanafunzi mkasi, gundi na karatasi za rangi, kwa wanafunzi 94, katika kipindi cha dakika 40. Nilitoa yote hayo nikaweka kamba ya mkonge: unaikunja mara moja unapata nusu, unaikunja tena unapata robo, nayo hairuhusu ubishi kwa sababu ncha zisipokutana kila mtoto anaona. Katika andalio la Kiswahili hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa programu ilikipanga kiboko katika ngeli ya KI-VI na kunipa sentensi "kiboko kikubwa kimezama mtoni" kama mfano wa upatanisho sahihi wa kisarufi. Kama ningekuwa sikisomi ninachopewa, watoto 94 wangerudi nyumbani na mnyama aliyegeuzwa kuwa kiti. Kwa hiyo mimi nahesabu kwamba nilifanya kazi. Lakini katika daftari lililotiwa saini kazi hiyo haionekani, kinachoonekana ni mwandiko wangu.

Mthibiti Aliyepumzika
Nimekuwa mthibiti ubora wa shule tangu enzi tulipoitwa wakaguzi, na naomba niseme kilichokuwa kikitokea upande wa pili wa meza. Mimi sikuwahi kulisoma andalio kuanzia juu. Umahiri mkuu, umahiri mahususi, idadi ya wavulana na wasichana, rejea, hayo yote hujazwa hata na mtu aliyelala. Nilikuwa nikienda moja kwa moja chini kabisa, kwenye tathmini na maoni, sehemu ambayo mwalimu hutakiwa kuijaza baada ya kutoka darasani. Huko ndiko nilikokutana na sentensi moja inayotembea nchi nzima: "Somo limeeleweka kwa asilimia 80." Jumatatu asilimia 80, Jumanne asilimia 80, sehemu asilimia 80, ngeli asilimia 80. Shule moja nilikuta somo limeeleweka kwa asilimia 80 siku ya Idi, wakati shule imefungwa na mwalimu mwenyewe yuko kwao anakula pilau.

Chaki Nyeupe, akili mnemba inaweza kukujazia sehemu ya juu yote. Hiyo ya chini haiwezi kuijua, kwa sababu haikuwapo darasani.

Zamu ya Jioni
Mthibiti, umefurahisha umma, lakini unajua kwa nini tuliandika asilimia 80? Tuliandika kwa sababu mwenzangu mmoja aliandika ukweli, kwamba somo halikueleweka na kwamba watoto 30 kati ya 88 hawakuweza kusoma swali lenyewe, akaitwa ofisini kueleza uzembe wake. Tangu siku hiyo shule nzima ikaelewa kwa asilimia 80. Mlikuja kuthibitisha ubora au mlikuja kutuvizia? Mngetusaidia kufundisha watoto 88 kwa chumba kimoja, mngekuta maoni ya kweli.

Mthibiti Aliyepumzika
Sikatai kwamba tulikuwapo wa kuvizia. Nakataa kuwekwa katika kundi hilo, sehemu ya kundi kama anavyofundisha mzee wa Turiani.

Nyuzi na Waya
Kwa wanaotaka kitu cha kufanyia kazi Jumatatu: zipo kadi za Plickers. Wanafunzi hawahitaji simu, jambo la maana kwa sababu shuleni hawaruhusiwi kuwa nazo. Kila mwanafunzi anashika kadi ya karatasi yenye mchoro wake wa pekee, anaigeuza hadi herufi ya jibu lake, A, B, C au D, iwe juu, nawe unapitisha kamera ya simu yako mbele ya darasa na kuona nani amejibu nini. Mtoto hawezi kumwigiza jirani kwa sababu michoro haifanani. Programu za chemshabongo kama Kahoot ni nzuri, lakini kwa kawaida inataka kila mwanafunzi au kila kundi liwe na kifaa mkononi, kwa hiyo kwetu hubaki kuwa starehe ya semina za walimu. Na penye kompyuta hata moja, Kolibri, programu ya kuhifadhia masomo, huwekwa humo na masomo yake yakafunguliwa darasani bila intaneti.

Chaki Nyeupe
Ahsante sana. Hizo kadi nimeziangalia, na seti kubwa ina kadi 63. Wanafunzi wangu 31 watakosa.

Nyuzi na Waya
Waweke wawili wawili: kadi 47 zitatosha, na watalazimika kubishana kabla ya kuinua, jambo ambalo lenyewe ni somo.

Mama Wanne
Na hizo karatasi 47 atazichapisha nani? Maana nikisikia "zana" najua kesho mwanangu atatumwa elfu moja.

Chaki Nyeupe
Nitazichapisha mimi, mama, kama nilivyolichapisha lile andalio lililokataliwa.

Pembe Tatu
Tukirudi kwenye hoja, naona mwalimu mkuu anasingiziwa. Kwa maoni yangu alikuwa na sababu. Mwandiko ulikuwa ushahidi mdogo kwamba jicho la mwalimu limepita juu ya kila neno angalau mara moja, hata kama analinakili. Lililochapishwa halitoi hata ushahidi huo mdogo, kwani linaweza kutoka kwenye mashine likaingia kwenye faili bila mtu kulitazama, likiwa na kiboko wake ndani. Alichokosea ni kutia saini bila kusoma. Angemuuliza swali moja tu, kwa nini umeweka kamba, angejua palepale kama andalio ni lake.

Zamu ya Jioni
Mwalimu mkuu mwenye walimu 20, na kila mmoja ana maandalio ya vipindi vitano kwa siku, ausome ukurasa gani na auache upi? Mnapanga kazi za wenzenu kwa urahisi sana.

Mstaafu wa Turiani
Hiyo kamba ya mkonge nimeipenda, sikatai. Ila nina ombi kwa Chaki Nyeupe. Kwa kuwa hiyo programu unayo karibu, hebu iulize hili la pingili, mimi na Pembe Tatu nani ana haki, kisha utuletee jibu kama lilivyo, bila kulirekebisha.

Chaki Nyeupe
Nimeiuliza, mzee wangu. Kwanza niliiandikia maelezo yako kama ulivyoyaweka, ikajibu kwamba ni mfano mzuri sana, na kwamba pingili mbili kati ya nane ni robo. Nikaiambia kuwa pingili hazilingani. Ikaomba radhi, ikasema kwamba nimefanya vyema kugundua, na kwamba mfano huo haufai kabisa kwa somo la sehemu. Nikaiambia kuwa aliyeutumia alikusudia sehemu ya kundi. Ikaomba radhi tena na kuurudisha mfano kuwa mzuri sana.

Pembe Tatu
Basi hiyo haijui chochote. Inamkubali kila anayezungumza mwisho.

Mstaafu wa Turiani
Na aliyezungumza mwisho nilikuwa mimi.