Mombasa au Unguja: wapi siasa ya mji imeyashika zaidi maandishi?

msomaji_pwani
Wakuu, kikundi chetu cha kusoma kinataka mji mmoja wa kale na maandishi yake. Tumebakiwa na miwili: Mombasa ya mshairi Muyaka bin Haji, au Unguja ya mwandishi wa riwaya Adam Shafi. Mngechagua upi?

KibarazaMvita
Mombasa. Muyaka alitunga ugomvi ukiwa moto. Enzi ya Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, shairi lilikuwa silaha: anawasifu watawala wa mji wake, anawakejeli Lamu na Unguja. Kisha 1837 Seyyid Said, sultani wa Oman na Unguja, akawaangusha Mazrui, na mshairi akajikuta chini ya yule yule aliyekuwa akimpinga. Ila jiandaeni, Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, kina mafumbo waliyoyaelewa watu wa baraza lile. Bila toleo lenye maelezo mtakwama ubeti wa pili.

tarishi
Mimi naenda Unguja, na msisome kitabu kimoja. Someni viwili vya Adam Shafi kwa pamoja. *Kasri ya Mwinyi Fuad* kilitoka 1978: mabwana wa mashamba wanadhulumu, Mapinduzi ya 1964 yanakuja kama ukombozi. *Haini* kikatoka 2003, nacho kinakuingiza gerezani pamoja na waliokamatwa baada ya Rais Karume wa Zanzibar kuuawa Aprili 1972. Mwandishi yule yule, kisiwa kile kile. Na mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini. Angalieni pengo hilo: dhuluma ya wakati wa sultani iliandikika mapema, ya baada ya sultani ikangoja miaka thelathini. Kwangu hapo ndipo siasa inapoonekana zaidi, kwenye mwaka wa kuchapishwa kuliko hata kwenye hadithi.

KibarazaMvita
@tarishi hoja nzito, lakini riwaya inakumbuka. Muyaka hakumbuki, anapigana.

bahari_kuu
Na mwandishi Abdulrazak Gurnah mnamwacha? Aliondoka Unguja kijana, akaandika akiwa Uingereza, kwa Kiingereza. Riwaya yake *Admiring Silence* ni ya 1996, kabla ya *Haini*. Aliye mbali hahitaji ruhusa ya mtu, ingawa msomaji wa Darajani, pale mjini Unguja, hakukipata kitabu hicho kirahisi.

mwana_wa_Pate
Mmeisahau Pate, mji wa kale karibu na Lamu, kama kawaida. Utenzi wa *Al-Inkishafi* unatembea ndani ya majumba ya matajiri yaliyobaki magofu. Najua mtasema ni utenzi wa dini. Sawa, lakini kwa nini mshairi alikuwa na magofu ya kuyaonyesha? Mji ulimalizwa na ugomvi wa madaraka na vita.

msomaji_pwani
Pate nimeipenda, ila wenzangu wengi ni wageni wa tenzi. Tunaanza na viwili vya @tarishi, *Kasri* kwanza. Muyaka tutamchukua baadaye, beti chache tu, mkituchagulia.

KibarazaMvita
Nitakuchagulia za kabla ya 1837 na za baada. Msizichanganye.