Sitafuti cheti, nataka kupenda kusoma. Nianzie wapi?

Mshona Vitenge
Habari zenu wapendwa. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, mama wa watoto watatu. Shule niliachia kidato cha pili baada ya kupata ujauzito, na enzi zile ukibeba mimba ndiyo basi. Ruhusa ya kurudi darasani ilipotoka Novemba 2021, binti yangu mwenyewe alikuwa ameshafika kidato kile kile.

Kila ninayemwambia nataka kusoma ananitajia QT, ule mtihani wa sisi tulioishia njiani. Sicho ninachokitaka. Nataka ile hali ninayoiona kwa binti: kashika hadithi, anacheka peke yake, ukimwita hasikii. Mimi ukurasa mmoja tu macho mazito, na moyo unauliza vyombo vimeoshwa na nani. Nikikaa na simu hakuna wa kusema neno. Nikishika kitabu, naulizwa leo nimekuwa mwalimu. Naona kama naiba muda wa watu.

Kuna mwanamke humu aliyekuja kupenda kusoma ukubwani? Alianza na nini?

Mama Pacha
Hongera kwanza, mwenzangu. Achana na vitabu vya kukufundisha kutajirika, vitakuchosha bure. Chukua tamthiliya. *Nguzo Mama* ya Penina Muhando, ya mwaka 1982, ni watu wanaongea tu: wanawake wanahangaika kuisimamisha nguzo na kila mmoja anavutwa na shida za kwake. Soma kwa sauti, gawana sehemu na binti. Usingizi hautakuja, maana utagombana na hao wanawake humo humo ndani.

Kahawa Chungu
Dada, kwa heshima zote, kama muda upo si bora hiyo QT? Kusoma bila cheti kutakuletea nini mezani?

Bibi wa Pangani
Ninamtamkia mjukuu anaandika. Mwanangu Kahawa, Mwalimu alipoutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, sisi kina mama tulikwenda kisomo jioni, watoto mgongoni. Kabla ya hapo barua ya mume wangu nilimpelekea kijana wa jirani anisomee, na mtaa mzima ukajua mambo yangu. Siku niliyoifungua mwenyewe, nikaisoma nimefunga mlango, nilikuwa mtu mwingine. Hiyo utaipimaje kwa cheti? Binti, funga mlango usome.

Kahawa Chungu
Shikamoo bibi. Nimekuelewa.

Upepo wa Lamu
Mimi nimeguswa na hilo la kuiba muda. Mwana Kupona, mshairi wa kike wa pwani yetu, alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Najua wengi hatuupendi kwa vile unavyomtaka mke amtii mume, na mimi nabishana nao kila nikiusoma. Lakini tazama mwanzo: anamwita binti asogee, aje na wino na karatasi. Mama na binti, na kalamu iko nyumbani. Kwa hiyo anayekuambia kitabu si mambo ya mwanamke haijui pwani yake. Na kubishana na kitabu nako ni kukipenda, usiogope.

Mama Pacha
Muda sasa. Mimi niliwatangazia nyumbani: baada ya chakula cha usiku, vyombo ni zamu ya watoto, wa kiume wakiwemo. Wiki za mwanzo walinuna. Nilikaa pale pale na kitabu changu mbele yao, sikujificha. Usisome kwa kuibia, utabaki unasikiliza nani anakuja. Na usinunue kila kitabu, maktaba ya mkoa ipo hapo mjini, kajiandikishe.

Mshona Vitenge
Shikamoo bibi, na asanteni wote. Zamu ya vyombo naitangaza leo, kijana wangu wa kwanza ndiye atakayelalamika. Mama Pacha, kujiandikisha maktaba wanataka nini, picha na kitambulisho? Kuna mteja wa kule mjini nampelekea gauni lake kesho, ningepitia huko huko.