Aktiki na Antaktika: asili yake ni baridi au dubu?

Mhariri_Mbagala: Wakuu, nahariri kitini cha jiografia cha kidato cha pili. Mwandishi anadai Aktiki ni Kigiriki cha "baridi kali", na Antaktika ni "pasipo dubu". Mnasemaje? Na tahajia ni Antaktika au Antatika?

Nyota_Ubungo: Baridi haimo kabisa. Kwa Kigiriki *arktos* ni dubu, ila dubu huyo ni kundi la nyota, Dubu Mkubwa, linalozunguka karibu na ncha ya kaskazini ya anga. *Arktikos* ni "-a upande wa Dubu", yaani -a kaskazini. Dubu weupe hawahusiki. Nayo *anti* hapa ni "mkabala wa", si "bila": Antaktika ni upande unaokabiliana na ule wa Dubu. Kweli kusini hakuna dubu, lakini hiyo ni sadfa, na ndiyo inayowapoteza wengi.

Wanafunzi wa Dar wanaweza kumwona Dubu mwenyewe. Mwanzoni mwa Juni, mawingu ya masika yakishapungua, watazame kaskazini saa 2 usiku mahali pasipo majengo wala taa. Watafute nyota saba zenye umbo la upawa uliofudikizwa, kati ya nyuzi 20 na 35 hivi juu ya upeo. Ile ya chini kabisa, kwenye ukingo wa upawa, ni Dubhe, kutokana na Kiarabu *dubb*, kulekule lilikotoka "dubu" letu. Ila msiwaahidi Nyota ya Kaskazini: Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyota hiyo haichomozi hapa.

Mhariri_Mbagala: Shukrani mkuu. Tahajia je?

Kamusi_Kariakoo: Antaktika, kwa bara. K ya kwanza ibaki, ni ya *arktos*. Huangushwa kwa sababu kt ni nzito ulimini. Hata Waingereza waliwahi kuiandika bila c, kisha wakairudisha.

Baridi, mwandishi aieleze kwa vipimo, asiitafute ndani ya jina. Kituo cha Vostok, Antaktika, kilipima nyuzi −89.2 za Selsiasi tarehe 21 Julai 1983. Oymyakon, Siberia, palipimwa −67.7 mwaka 1933, na pako nje ya Duara la Aktiki (mstari wa latitudo ya nyuzi 66½ kaskazini)! Kusini huzidi kwa sababu ni bara lililoinuka: Vostok iko karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Kwenye Ncha ya Kaskazini ni bahari, na maji yaliyo chini ya barafu hupitisha joto kidogo kwenda juu.

Nyota_Ubungo: Sentensi yake iwe hivi: "Aktiki, kutoka Kigiriki *arktos* (dubu), ni eneo lililo chini ya kundi la nyota la Dubu, kaskazini mwa latitudo ya nyuzi 66½ kaskazini."