Pete ya uchumba ya kuagiza kwa sonara: almasi ya mgodini, almasi ya maabara au safaya ya Umba?

Kijana wa Chumbageni

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Posa yangu imekubaliwa, alhamdulillahi, na pande zote mbili zimeafikiana kwamba siku ya kuvisha pete iwe ndani ya Mfunguo Tatu. Sitaki pete ya kuchagua kwenye kabati la duka. Nataka sonara wa hapa Tanga anitengenezee kwa mchoro tutakaokubaliana, iwe pete isiyo na pacha. Nilipokwama ni kwenye jiwe. Nimeonyeshwa almasi ndogo iliyochimbwa ardhini, nikaonyeshwa na almasi ya maabara, yaani iliyotengenezwa kwa mitambo, iliyo kubwa zaidi ya mara mbili kwa bei ya chini, na rafiki yangu anayefanya biashara ya vito ananishawishi nichukue safaya (yakuti samawi) ya Bonde la Umba, hapa mkoani kwetu. Wenye uzoefu, naomba mnieleze ipi iliyo bora.

Sonara wa Ngamiani

Wa alaykum salaam, mdogo wangu, na hongera sana. Swali lako halijibiki kwa jinsi ulivyoliuliza. Hukutaja fedha uliyonayo, hukutaja rangi ya dhahabu, hukutaja kipimo cha kidole, na kubwa kuliko yote hukutueleza mchumba wako anafanya kazi gani kwa mikono yake. Nina miaka 22 kwenye meza ya usonara, na mteja akija kwangu na habari ya pete, la kwanza ninalomuuliza ni hilo la mikono. Pete ya mtu anayeshinda akiandika na pete ya mtu anayeshinda akikanda unga haziwezi kutengenezwa sawa, hata likiwa jiwe ni lile lile.

Mpima Vito

Nami naomba maelezo ya mawe yenyewe. Almasi mbili zenye uzito mmoja zinaweza kupishana bei mara kadhaa kwa sababu ya rangi, usafi na mkato, kwa hiyo kutuambia kwamba moja ni ndogo na nyingine ni kubwa hakutusaidii. Tuandikie karati, daraja la rangi (D ndiyo isiyo na rangi kabisa, kisha herufi hushuka), daraja la usafi, yaani wingi wa dosari zake, na kama kuna cheti. Na hiyo safaya, je, imekwisha kukatwa au bado ni ghafi? Kama ni ghafi, usiiguse: vito ghafi huuzwa kwa wenye leseni na kwenye masoko ya madini yaliyoanzishwa mwaka 2019, wala havinunuliwi mkononi mwa rafiki.

Kijana wa Chumbageni

Niwieni radhi, nilidhani hayo yangefuata baadaye. Yeye ni muuguzi katika wodi ya wazazi. Nimetenga shilingi milioni 3.5 kwa kila kitu, yaani jiwe, dhahabu na ufundi. Dhahabu anayoipenda ni ya njano. Almasi ya mgodini ina karati 0.40, rangi G, usafi VS2. Ya maabara ina karati 1.01, rangi E, usafi VS1. Zote ni za mviringo na zina vyeti. Safaya imekwisha kukatwa, ni ya buluu mchana na hugeuka zambarau chini ya taa ya usiku, lakini haina cheti. Kipimo cha kidole sina, kwa sababu sitaki ajue.

Mpima Vito

Ahsante, sasa tunaweza kuzungumza. Karati ni uzito wala si upana. Karati moja ni gramu 0.2. Almasi ya mviringo ya karati moja iliyokatwa vizuri ina upana wa karibu milimita 6.5, na ya karati 0.40 ina karibu milimita 4.8. Kwa hiyo jiwe lenye uzito wa mara mbili na nusu halionekani kidoleni kuwa pana mara mbili na nusu, hata kidogo. Watu wengi hulipia uzito wakidhani wanalipia upana.

Jambo la pili ni mkato, na hapa ndipo ninapowasihi wanunuzi wasifanye haraka. Almasi haing'ari kwa sababu ni almasi, bali kwa sababu mwanga ulioingia juu umegonga nyuso za chini ukarudi juu. Jiwe likikatwa na kina kirefu mno au kifupi mno, mwanga huvuja chini na kubavuni, na jiwe la rangi D lisilo na doa hata moja huonekana limefifia. Angalia kwenye cheti neno lililoandikwa mbele ya mkato, kisha ulitazame jiwe mwenyewe mbali na zile taa kali za dukani. Rangi usiihangaikie: dhahabu ya njano humeza tofauti ya E na G, na kulipia E ili uiweke ndani ya njano ni fedha iliyopotea. Usafi wa VS2 pia unatosha, kwa kuwa dosari za daraja hilo hutafutwa kwa lenzi ya kukuza mara 10, na jicho tupu halizioni.

Mzee wa Makorora

Mwanangu, mimi nasema chukua iliyotoka ardhini. Nchi yetu ina almasi ya Mwadui, kule Shinyanga, tangu mjiolojia Williamson alipougundua mgodi ule mwaka 1940, na mwaka 1947 Malkia Elizabeth, akiwa bado binti wa mfalme, alizawadiwa kwa harusi yake jiwe la waridi la karati 54.5 lililotoka Shinyanga. Vipi mtoto wa Tanga amvishe mchumba wake kitu kilichopikwa kwenye mtambo ilhali ardhi yetu imelizaa jiwe lililompamba malkia?

Mpima Vito

Shikamoo mzee. Fahari hiyo ninayo pia, ila kijana asije akadhani kwamba almasi aliyoonyeshwa imetoka Mwadui mpaka muuzaji amthibitishie kwa karatasi. Almasi ghafi za Mwadui zimekuwa zikipelekwa kuuzwa nje, Antwerp nchini Ubelgiji, na sehemu kubwa ya almasi za dunia hukatwa Surat nchini India. Jiwe likisharudi madukani, cheti cha kawaida hueleza uzito, rangi, usafi na mkato, na mara nyingi hakisemi lilichimbwa nchi gani.

Dada wa Raskazone

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini neno kwamba limepikwa si la haki. Almasi ya maabara ni kaboni ile ile, ina ugumu ule ule wa 10, ambao ndio wa juu kabisa katika kipimo cha ugumu wa mawe, na hutengenezwa ama kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, ama kwa gesi yenye kaboni inayojenga jiwe tabaka juu ya tabaka. Mimi ninayo kidoleni mwaka wa tatu. Naosha vyombo nayo, napika nayo, na haijapata hata mkwaruzo. Kwa milioni 3.5 kijana atapata jiwe zuri na bado atabaki na fedha ya kumlipa fundi hodari, na kwangu mimi fundi ni muhimu kuliko jiwe.

Mpima Vito

Naafiki, pamoja na tahadhari moja: bei ya almasi za maabara imeshuka sana miaka ya karibuni, na ukitaka kuiuza hutapata mnunuzi wa kukupa bei ya maana. Hata ya mgodini, sonara akiinunua tena hukupa chini sana ya ulicholipa. Kwa hiyo asinunue yoyote kwa hesabu ya akiba. Akiba iko kwenye dhahabu.

Mzee wa Makorora

Basi kama ni ya maabara, amwambie mchumba na wazazi wake waziwazi. Katika biashara zetu muuzaji hufichua aibu ya bidhaa kabla ya bei kukubaliwa, seuze mume.

Dada wa Raskazone

Si aibu, mzee, lakini kwamba aambiwe nakubali kabisa. Jiwe la maabara mara nyingi huwa na maandishi madogo ubavuni yanayosomeka kwa lenzi, na siku atakapolipeleka kwa fundi mwingine atajua tu.

Bi Pangani

Wanangu, naomba nisimulie yaliyonipata, kwa sababu naona mnazungumzia uzuri wa jiwe na wachache wanataja siku ya kulirekebisha.

Mume wangu alinivisha pete ya tanzanaiti, jiwe la Mererani, la buluu iliyokolea kama maji ya kina kirefu. Niliipenda hata kulala nikalala nayo. Hakuna aliyetuambia kwamba tanzanaiti ina ugumu wa kati ya 6 na 7 tu, na kwamba vumbi letu la kila siku lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7, kwa hiyo kila nilipoifuta kwa kanga nilikuwa naikwaruza. Nilikuna nazi nayo, nilifua nayo, na baada ya mwaka uso wake ulikuwa umefifia kama kioo cha taa ya chemni isiyosafishwa. Hilo nilivumilia. Kisha nilijifungua mtoto wa pili, vidole vikanenepa, tukaipeleka pete kupanuliwa kwa sonara mmoja katika mji mwingine, nisiyependa kumtaja. Hakulitoa jiwe. Aliikata pete, akaitanua, akailehemu kwa moto jiwe likiwa mahali pake, na joto likalipasua katikati. Aliponirudishia alisema ufa ulikuwapo tangu awali, nami sikuwa na picha wala karatasi yoyote ya kumkanusha. Nililia pale pale barazani kwake. Jiwe nililihifadhi kwenye kijaluba cha mama yangu, vipande viwili, na pete yenyewe nimeivua tangu siku hiyo.

Kwa hiyo, mwanangu wa Chumbageni, lipige picha jiwe kabla ya kuliacha kwa fundi, upate hati yenye uzito wa jiwe na uzito wa dhahabu, na uulize mapema litaondolewaje pete ikihitaji kupanuliwa.

Sonara wa Ngamiani

Pole sana, bi mkubwa. Yule fundi alikosea, na natamka hivyo nikiwa wa kazi hiyo hiyo: tanzanaiti hutolewa kwanza, moto baadaye. Hata almasi, pamoja na ugumu wake, uso wake huweza kuungua ukiipiga moto bila kinga, na ikigongwa vibaya hupasuka, kwani kuwa gumu si kuwa haivunjiki.

Sasa nirudi kwa muuguzi. Kijana, usimtengenezee pete yenye jiwe lililoinuliwa juu kwa vikucha vinne. Atavaa na kuvua glavu mara nyingi kwa zamu moja. Vikucha vitazichana glavu, na glavu zitavivuta vikucha mpaka siku moja jiwe lianguke asijue limeangukia wapi. Ningekushauri jiwe likae chini, lizungushiwe ukingo wa dhahabu pande zote, na mgongo wa pete uwe laini. Watu husema ukingo hupunguza mng'aro. Hupunguza kidogo sana, kwa kuwa mwanga mwingi huingia kwa juu. Dhahabu iwe karati 18 (karati ya dhahabu ni usafi wake, si uzito kama ya jiwe), yaani robo tatu dhahabu halisi na robo ni fedha na shaba. Karati 22 ni laini mno kushikilia jiwe la kila siku. Usizungushie vijiwe pete nzima, kwa sababu pete ya namna hiyo haipanuliki. Mimi kwanza huchonga mfano kwa nta, mteja akauona na kuushika, ndipo ninaposubu.

Ama kipimo, mtafute somo wake au dada yake aazime pete anayoivaa kidole hicho hicho. Kama ni kupima kidole chenyewe, kipimwe jioni, maana kwa joto letu vidole vya jioni si vya asubuhi.

Mpima Vito

Kwa ukingo huo, hata safaya naiona inafaa. Ina ugumu wa 9, na ile ya Umba inayogeuka rangi ni jiwe la mkoa wetu kweli, si la kupachikwa jina. Sharti langu ni maabara ya vito ithibitishe kwamba ni safaya ya asili, na iseme kama imechomwa ili kuboreshwa rangi. Kuchomwa si kosa, ila hubadilisha bei.

Mzee wa Makorora

Na hii pete itahesabiwa ndani ya mahari au nje? Nimeona ndoa mbili zikiingia maneno kwa sababu hii.

Bi Pangani

Nje, mzee. Mahari ni haki yake na hutajwa peke yake mbele ya mashahidi. Pete ni zawadi, isipokuwa watakapokubaliana vingine na kuandikishana.

Kijana wa Chumbageni

Itakuwa nje, tumeshalizungumza. Nimeelewa habari ya ukingo, na safaya nitaipeleka ipimwe. Kuna jambo sikulitaja mwanzoni: bibi yangu, Mungu amrehemu, aliniachia bangili ya dhahabu ya karati 22 yenye gramu 10, akasema iwe ya mke wangu. Nilikuwa nafikiri iyeyushwe ndiyo iwe pete.

Sonara wa Ngamiani

Hilo ulipaswa kulisema katika sentensi ya kwanza, mdogo wangu, maana linabadilisha hesabu yote. Gramu 10 za karati 22 zina dhahabu halisi ya gramu 9 na zaidi kidogo, na nikizishusha kuwa karati 18 zinatoa karibu gramu 12. Pete yako haihitaji zaidi ya gramu 4 au 5. Fedha yote itabaki kwa jiwe na ufundi.

Bi Pangani

Usiiyeyushe! Bibi alisema iwe ya mke wako, hakusema ivunjwe. Mvishe bangili hiyo siku ya harusi, na pete ununue dhahabu nyingine.

Dada wa Raskazone

Mimi naona kinyume, bi mkubwa. Muuguzi hatavaa bangili kazini, itakaa sandukuni. Ikiwa pete, atakuwa na bibi kidoleni kila siku.

Sonara wa Ngamiani

Yapo na ya katikati: nikate kipande cha gramu chache, nikiunge ndani ya pete, bangili ibaki nyembamba zaidi. Lakini kwanza niione. Bangili za zamani nyingine zina nta ndani, na karati iliyosemwa si lazima iwe karati iliyomo. Nitaisugua kwenye jiwe la kupimia na kuitia tindikali mbele yako.

Kijana wa Chumbageni

Ijumaa nitamuuliza mama, kwa kuwa bangili ilitoka upande wake. Almasi zote mbili nimeomba zisiuzwe mpaka wiki ijayo, bila kuacha arbuni.

Mpima Vito

Na cheti cha safaya usikisahau.